Kitambaa Chako Kinasema Nini?

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho nyumbani, lakini ni mara chache tunakitazama vizuri. Nacho ni kitambaa kilichodariziwa kwa mkono.

Ingia katika nyumba nyingi za hapa Igunga, utakiona. Kiko juu ya meza ya sebuleni, au kwenye migongo ya makochi, au kimefunika chakula cha baba aliyechelewa kurudi. Mashuka ya maharusi nayo yamepambwa maua pembeni, pamoja na maneno ya kutakiana usiku mwema. Mama aliyeshona atakueleza alinunua uzi wapi na kazi ilimchukua majuma mangapi. Lakini ukimwuliza, "Kwa nini umeweka njiwa hapa? Na huu moyo una maana gani?" wengi hujibu, "Nilinakili tu kwa jirani."

Kunakili si kosa. Ndivyo kazi za mikono zilivyosafiri duniani kote. Hata hivyo, alama nyingi tunazozinakili zilianza kama maandishi, na mama ndiye aliyemfundisha binti kuyasoma. Kama mama hasemi, alama inabaki kuwa pambo tu. Hebu twende kwanza Uholanzi, ambako kazi hii ilikuwa shule kamili ya wasichana, kisha turudi kwetu tuone tunalo nini mikononi.

KITAMBAA CHA ALAMA

Huko Uholanzi, tangu karne ya 17, wasichana walishona kitambaa kinachoitwa merklap. Maana ya neno hilo ni kitambaa cha alama. Sababu yake ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa. Mashuka na taulo vilikuwa mali ya familia, na vilipofuliwa viliweza kuchanganyika na vya watu wengine. Kwa hiyo kila kimoja kilitiwa kwa uzi herufi za jina la mwenyewe. Sisi tunaofanya kazi wodini tunaielewa sababu hiyo bila kuelezwa. Shuka lisilo na alama likienda kwa dobi, kulipata tena ni bahati.

Basi msichana, mara nyingi akiwa hajafika miaka 15, alipewa kipande cha kitani ajifunze alama hizo. Alitumia mshono wa msalaba, yaani nyuzi mbili fupi zinazopishana juu ya mraba mmoja mdogo, na miraba ikijipanga inatoa herufi au picha. Alianza na alfabeti, kisha namba. Katika vitambaa vingi vya zamani hutaona herufi zote tunazozijua leo, kwa sababu I na J zilihesabiwa kuwa herufi moja, na vivyo hivyo U na V. Hata wasichana yatima waliolelewa katika nyumba za watoto walifundishwa, ili wakikua wapate kazi ya kushona au ya kutunza nguo katika nyumba za watu.

Baada ya herufi, nafasi iliyobaki ilijazwa picha ndogo ndogo. Mwishoni msichana aliweka herufi za jina lake na mwaka. Hapo kwenye zile picha ndipo penye hazina tunayoitafuta.

PICHA NA MAANA ZAKE

Picha nyingi zilitoka katika Biblia. Mojawapo inayoonekana mara kwa mara ni ya watu wawili wamebeba kichala kikubwa cha zabibu kwenye mti mabegani. Hao ni wapelelezi waliorudi kutoka Kanaani (Hesabu 13:23). Msichana aliyewashona alifundishwa kwamba ahadi ya Mungu ni ya kweli hata kabla hatujaiona nchi yenyewe.

Nyingine ni Adamu na Hawa, mmoja kulia na mwingine kushoto, na katikati mti wenye nyoka. Pia kuna mti wa uzima peke yake, umesimama ndani ya chungu au bustani, matawi yake yakilingana pande zote mbili.

Kulungu au ayala alimkumbusha msomaji ile nafsi inayomwonea Mungu kiu katika Zaburi ya 42. Msalaba, nanga na moyo, vikiwekwa pamoja, ni imani, tumaini na upendo. Nanga ni tumaini kwa sababu ya Waebrania 6:19. Sisi wa nyanda hizi za Manonga na Wembere hatuna bahari, lakini mama yeyote aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa kali anajua kushikilia kitu kisichong'oka.

Vitambaa vingine vilionyesha vyombo vya mateso ya Bwana, yaani ngazi, nyundo, koleo, misumari, na jogoo aliyewika Petro alipokana. Vilishonwa vidogo vidogo, mtu asiyejua akadhani ni zana za fundi seremala.

Yuko pia ndege mwari, anayejitoboa kifua kwa mdomo wake ili awalishe makinda kwa damu yake. Kwa kweli mwari hafanyi hivyo. Ni hekaya ya kale ambayo Wakristo waliitumia kumweleza Kristo aliyejitoa kwa ajili yetu. Lakini nadhifu ilioje picha hiyo kwa mama anayenyonyesha!

Bata maji mweupe mwenye shingo ndefu ana habari ya kutugusa hapa Tabora. Jan Hus, mhubiri wa Bohemia, alichomwa moto mwaka 1415. Jina lake katika lugha yao linafanana na bata bukini. Ikasimuliwa kwamba baada ya bukini kuchomwa, atakuja bata maji ambaye hawataweza kumchoma. Walutheri wakasema huyo ni Martin Luther, na hadi leo makanisa ya Kilutheri ya Uholanzi yanajulikana kwa alama ya ndege huyo. Ndugu zetu Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika Urambo mwaka 1898, wanamhesabu Hus kuwa baba yao katika imani.

Siyo kila picha ilitoka katika Maandiko. Vinu vya upepo na merikebu vilionyesha nchi yenyewe. Kuna na msichana aliyeketi ndani ya bustani yenye uzio, ameshika mkuki wenye kofia juu yake, simba akiwa karibu naye. Bustani ni nchi ya Uholanzi, kofia ni uhuru wake, baada ya vita virefu na Hispania vya mwaka 1568 hadi 1648. Kwa hiyo binti alijifunza dini, hesabu, herufi na historia ya taifa lake kwa sindano moja.

NYOKA MMOJA, MAANA TATU

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, tulipoonyeshana mchoro wa Adamu na Hawa, pakatokea mabishano. Mama mmoja mzee alisema wazi, "Nyoka simtaki katika kitambaa cha nyumba yangu. Wageni watafikiri sisi ni Bayeye." Wenyeji wa Unyamwezi na Usukuma wanawafahamu Bayeye, wale wanaocheza ngoma na nyoka na kujua dawa za sumu yake.

Binti mmoja mwanafunzi akajibu, "Bibi, mbona nyoka yuko kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani? Amejizungusha kwenye fimbo." Kweli yupo. Fimbo ile ilitoka kwa Wayunani wa kale, waliomhusisha nyoka na uponyaji. Mama mwingine akakumbusha nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa jangwani, waliomtazama wakapona (Hesabu 21).

Tuliacha kazi tukazungumza karibu saa nzima. Nyoka yule yule kwa mmoja ni mdanganyifu, kwa mwingine ni uganga, kwa mwingine ni tiba. Uzi peke yake haukuweza kuamua. Ilibidi watu waketi waelezane. Yule mama mzee hakubadili msimamo wake, naye ana haki. Nyumba ni yake. Lakini wajukuu wake wawili waliokuwapo siku ile sasa wanazijua habari tatu ambazo hawakuwa wanazijua asubuhi.

KWETU NAKO NGUO ZIMESEMA

Tusidhani kwamba kusema kwa nguo ni jambo la Wazungu tu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikuwa njia ya nguo. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya merikani, nguo nyeupe ya pamba iliyopewa jina la Marekani ilikotoka, pamoja na kaniki. Nguo ilikuwa fedha. Kwa nguo watu walilipa hongo, walinunua chakula, walitoa mahari.

Baadaye zikaja kanga. Wengi hawajui kwamba mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Uholanzi, kikiwamo cha Vlisco cha mji wa Helmond kilichoanzishwa mwaka 1846, vilichapa kanga kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Basi nchi ile ile ya vitambaa vya alama ilituchapia na sisi nguo zetu za alama, ila kwa michoro tuliyoichagua wenyewe.

Kila mama anajua kanga ina pindo, mji na jina. Katika pindo au mji mara nyingi utaona korosho, ule mchoro uliopinda ncha ambao asili yake ni Uajemi na India. Kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe ni kanga ya harusi huko pwani. Na jina ndilo linalosema yale ambayo kinywa kinaona haya kusema. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara yake mwaka 1887, ndiye anayetajwa mara nyingi kwa kuyaeneza maneno hayo ya Kiswahili katika kanga.

Tunajua pia kanga inavyoweza kuumiza. Tumeona majirani wakigombana kwa jina la kanga iliyoanikwa makusudi mbele ya dirisha. Hapo tunajifunza kwamba nguo inayosema inahitaji moyo mwema nyuma yake. Kitambaa tunachoshona wenyewe kina faida hii, kwamba maneno na alama tunazichagua sisi, na tunapata majuma mengi ya kuzifikiri kabla ya kumaliza.

ALAMA ZA WALIOTANGULIA

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike ukurasa huu.

Kitambaa cha Kiingereza cha zamani kuliko vyote vinavyojulikana vyenye tarehe ni cha Jane Bostocke, cha mwaka 1598. Kimehifadhiwa katika Victoria and Albert Museum, London. Katikati ya maua na wanyama, mama huyo ameshona kwa uzi habari ya kuzaliwa kwa mtoto aitwaye Alice Lee mwaka 1596. Ni kama kadi ya kliniki, ila imeshonwa. Baadaye, hasa huko Marekani mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wasichana walishona majina ya ndugu wote wa nyumba na tarehe zao za kuzaliwa. Waliofariki hawakuachwa. Waliandikwa pamoja na wengine, na baadhi walitumia uzi mweusi kwa majina yao.

Mama mmoja katika kikundi chetu aliposikia hayo alinyamaza sana. Ana watoto wanne walio hai. Alipoanza kitambaa chake alichora nyota nne chini ya mti. Juma lililofuata alituuliza kwa sauti ndogo, "Je, naweza kuweka tano?" Ndipo tulipojua kwamba miaka mingi iliyopita alijifungua mtoto wa miezi minane aliyekuwa ameshafariki tumboni. Mtoto yule alizikwa siku ile ile, bila jina wala matanga. Yeye aliambiwa asilie, kwa maana yeye bado kijana, atapata mwingine. Alipata wengine. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumtaja tena yule wa kwanza, hata mumewe.

Alishona nyota ya tano kwa uzi wa buluu iliyokoza. Mumewe alipokiona kitambaa kimetandikwa mezani alizihesabu nyota, akarudia kuhesabu, kisha akauliza, "Na hii?" Mama akasema, "Ni yule." Anatuambia baba yule alikaa kimya, halafu akasema, "Mimi nilimwita Masanja moyoni mwangu." Jioni hiyo walizungumza juu ya mtoto wao kwa mara ya kwanza.

Wapendwa, katika kazi yetu ya uuguzi tumewaona akina mama wengi wakiondoka wodini mikono mitupu. Maneno ya "utapata mwingine" husemwa kwa nia njema, lakini mtoto mmoja hawezi kuwa badala ya mwingine. Mama aliyefiwa namna hii anahitaji kuruhusiwa kulia, kumtaja mtoto, na akitaka, kumwona na kumshika kabla ya mazishi. Baba naye anahitaji kuulizwa habari zake, maana mara nyingi anaombwa tu alete jembe na sanda. Na ikiwa majuma yanapita mama hali, halali, hawezi kuwatunza watoto wengine, au anasema heri afe, msimwachie maombi peke yake. Msindikizeni mapema kituo cha afya. Huo ni ugonjwa unaotibika, wala si upungufu wa imani.

TUANZE HAPA

Kwa wale wanaopenda kuanza kitambaa cha alama cha familia, haya ndiyo mahitaji: kipande cha kitambaa cha pamba ambacho nyuzi zake zinaonekana na kuhesabika, uzi wa kudarizia wa rangi zisizochuja, sindano isiyo na ncha kali, mkasi, na daftari la hesabu lenye miraba. Pamba tunayolima hapa Igunga inarudi kwetu kwa namna hiyo. Kama kitambaa kimesukwa kwa karibu sana, chora miraba midogo kwa penseli na rula.

Chora kwanza picha yako daftarini. Msalaba mmoja ni mraba mmoja. Tuanze na moyo wa upana wa miraba 7:

Mstari wa kwanza: ruka 1, shona 2, ruka 1, shona 2, ruka 1.
Mstari wa pili na wa tatu: shona yote 7.
Mstari wa nne: ruka 1, shona 5, ruka 1.
Mstari wa tano: ruka 2, shona 3, ruka 2.
Mstari wa sita: ruka 3, shona 1, ruka 3.

Hiyo ni misalaba 27. Angalia uzi wa juu wa kila msalaba uelekee upande mmoja, vinginevyo kazi itaonekana imechafuka. Usifunge fundo nyuma. Ficha ncha ya uzi chini ya mishono iliyotangulia.

Sisi tuliopita miaka arobaini tushone mchana, karibu na dirisha au chini ya mwembe. Ukiona unasogeza sindano mbali ndipo uione, huo ni umri, si ulozi. Pima macho upate miwani ya kusomea. Sindano isishikwe kwa meno, na ikimaliza kazi ichomekwe kwenye kifuko chake, maana mtoto anayetambaa huokota kila kitu.

Kuhusu alama, usichukue zote. Chagua tatu au nne ambazo unaweza kumweleza binti yako bila kutazama kitabu. Mti kwa ajili ya ukoo. Nanga, kama nyumba yenu imepita katika dhoruba. Unaweza kuweka alama za kwetu pia: kinu na mchi, ng'ombe, ua la pamba, mtungi. Hakuna sheria kwamba alama ya Kikristo lazima itoke Ulaya. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa chachu, taa na mbegu, vitu ambavyo akina mama walivishika kila siku. Kisha weka herufi za jina lako na mwaka, ili mjukuu ajue ni mkono wa nani.

Na jambo kubwa kuliko yote, mwite binti yako aketi karibu. Akina mama wengi wanalalamika kwamba mabinti hawasikilizi siku hizi. Lakini mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama chini, maneno magumu hupita kwa urahisi. Ataanza kuuliza juu ya uzi, mwishowe atauliza juu ya ndoa, juu ya mwili wake, juu ya mdogo wake aliyefariki. Mvulana naye asifukuzwe akitaka kujaribu. Mafundi cherehani wengi wa mjini ni wanaume.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Chukua kitambaa kimoja cha nyumbani kwako. Kina alama gani, na nani alikufundisha maana yake?

2. Ni alama gani ya kwetu ungeiweka kuonyesha tumaini?

3. Je, katika mtaa wetu yuko mama aliyepoteza mtoto na hakuna anayemtaja? Tutamwendea lini?

Mungu awabariki ninyi na kazi ya mikono yenu. Tukutane mwezi ujao.